Mama mkwe ananipima kwa marehemu, nami nimekuta barua za marehemu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Muheza, nina miaka 36, na huu ni mwaka wa tisa naishi shambani katikati ya jimbo la Nebraska, Marekani. Mume wangu ni mkulima wa huku huku, analima mahindi na kufuga ng'ombe wa nyama. Tuna watoto wawili, wa miaka saba na minne. Nimeajiriwa kuhudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunzwa, zamu za usiku. Dukani ni kilomita 30, na njia nzima unaweza usipishane na gari hata moja. Ukitazama huku ni anga, ukitazama kule ni anga, na upepo haulali.

Mama mkwe ana miaka 80. Anaishi peke yake kwenye ile nyumba kubwa ya familia iliyojengwa 1907, sisi tuko hatua kama mia mbili. Si mtu mbaya, Shangazi, nisije nikamsingizia. Nilipojifungua wa pili kwa upasuaji alinifulia na kunipikia karibu arobaini nzima bila kuombwa. Ugomvi wetu una jina moja tu: Bibi Mkuu.

Bibi Mkuu ni mama yake babu wa mume wangu. Alifika hapa 1884 kutoka Iowa kwa gari la kukokotwa na farasi, ana miaka 24, mtoto mmoja wa miaka minne na mwingine wa miwili. Mume wake alijiandikisha kupata zile ekari 160 za serikali, wakajenga nyumba ya mabonge ya udongo yaliyokatwa pamoja na mizizi yake ya majani, maana miti hapakuwa nayo. Alizaa tisa, akazika watatu, kitinda mimba wake wa 1903 ndiye babu wa mume wangu. "Na hakulalamika hata siku moja." Hiyo sentensi nimeisikia nikiwa na mimba, nikiwa na mafua, na umeme ulipokatika siku nne tukiwa kwenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri. Kila mwisho wa Mei tunakwenda naye makaburini, tunaweka maua kwake, kwa mumewe na kwenye vile vijiwe viwili vya watoto, naye anairudia palepale.

Mwaka huu nimepata nafasi ya kusomea uuguzi mjini Lincoln, miaka miwili. Ni saa tatu kwa gari, kwa hiyo ni kuhamia huko na watoto, mume abaki na ng'ombe, tuonane mwisho wa wiki. Lincoln kuna Wakongo na Wakenya, kuna ibada ya Kiswahili. Niliwahi kwenda mara moja. Mama mmoja wa Bukavu aliniuliza tu, "Umekula?" nikatoka nikaenda kulia ndani ya gari. Mume wangu kasema tutazungumza baada ya mavuno. Mama mkwe alisema, huku anafuta sahani wala hanitazami, "Bibi Mkuu hakuwa na Lincoln ya kukimbilia."

Sasa sikia. Mji wetu unatimiza miaka 140 na wanatoa kitabu, kila ukoo kurasa mbili. Mama mkwe vidole vinamuuma, akaniomba nimchapie ukurasa wa Bibi Mkuu. Akanipa mwanzo wake kabisa: "Walifika kwenye nchi tupu, na hakulalamika." Akanituma chumba cha chini nikachukue picha ndani ya kasha. Chini ya mablanketi nikakuta mfuko wa nailoni wa mkate, ndani yake barua 31. Ni barua alizomwandikia dada yake Iowa. Nadhani yule dada alipofariki wanawe walizirudisha. Nimezisoma usiku tatu nikiwa zamu.

Shangazi, alilalamika! Analalamika udongo unaodondoka kwenye unga, nyoka aliyeanguka kutoka darini, mvua ikinyesha siku moja nje basi ndani inanyesha tatu. Anachukia kuokota mavi makavu ya ng'ombe ya kuwashia jiko na kurudi na mikono ileile kwenye kinyunga. Anasema upepo unamtaja jina. Januari 1888 ikaja ile dhoruba ya theluji ambayo huku bado inaitwa ya watoto wa shule: asubuhi kulikuwa na joto, watoto wakaenda bila makoti mazito, mchana ikafunga ghafla. Mwanawe mkubwa alilala shuleni, akarudi masikio yameungua kwa baridi. Halafu Machi 1888 anaandika: "Nakuja, na mdogo. Mama usimwambie kitu." Mdogo alikuwa na miezi kama tisa. Baada ya hapo kimya. Barua inayofuata ni ya Desemba: "Nimefika. Mkubwa amejifunza kuoka mkate. Msichana amejikata nywele mwenyewe. Hakuna aliyeniuliza kitu."

Aliondoka! Miezi minane, akaacha watoto wawili na mume. Mwanamke ninayepimwa naye miaka tisa, naye alikimbia.

Kurasa zinatakiwa mwisho wa mwezi. Nichape uongo? Niweke barua kitabuni watu wajue? Au nirudishe mfuko chini ya mablanketi ninyamaze, kama ninavyonyamaza kila kitu? Mume wangu sijamwambia. Sijamwambia mtu yeyote ila wewe.

Mwana wa Muheza, Nebraska

*

Marahaba mwanangu, na pole na zamu za usiku.

Barua yako nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza kama mwanamke, nikakasirika pamoja nawe, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Nitakuandikia ya mara ya pili, ila ujue na ile ya kwanza ipo.

Nikikuelewa, unasema hivi. Umekuwa mke na mkwe kwenye nyumba yenye kipimo, na kipimo chenyewe ni marehemu, ambaye hakosei kwa kuwa hasemi. Sasa amesema. Na amesema wakati unaohitaji sana asikike, kwa sababu nawe unataka kuondoka kwa muda, kama alivyoondoka yeye. Mikononi unacho kitu kinachoweza kuwa ukweli na kinachoweza kuwa fimbo, na unaniuliza ukitumieje.

Kabla hatujafika kwenye fimbo, twende taratibu kwenye hizo barua. Kuna mambo umeyaandika mwenyewe ukayapita.

La kwanza ni ule mfuko. Unaniambia ni mfuko wa nailoni wa mkate. Mwanangu, mwaka 1888 mkate haukuuzwa kwenye nailoni. Bibi Mkuu hakuzitia humo, wala dada yake, na sidhani kama wanawe. Kuna mtu, si zamani sana, alizishika hizo barua, akatafuta kitu cha kuzikinga na unyevu, akachukua kilichokuwa karibu jikoni kwake. Na nyumba hiyo miaka yote hiyo imekuwa na jiko la nani? Tena ni nani aliyekutuma chini kwenye kasha lilelile? Anaweza kuwa amesahau. Ana miaka 80, vidole vinamuuma. Anaweza pia kuwa hajasahau.

La pili, huo ukimya wa miezi minane. Unausoma kama kukimbia, na huenda ni kweli, lile neno la "Mama usimwambie kitu" haliko mbali na kukimbia. Lakini kumbuka anamwandikia nani. Mtu hamwandikii barua aliyelala naye chumba kimoja. Kipindi chote alichokaa kwa dada yake ndicho kipindi ambacho hukuachiwa hata mstari, kwa hiyo sababu ya kwenda na sababu ya kurudi zote mbili zimo ndani ya shimo lilelile. Wanawake wa mashamba yale, walioweza, walirudi kwao kwa mengi: kuugua, kuuguza, kujifungua, kupumua. Alikimbia nyumba, au alimkimbiza mtoto kwa daktari?

Nauliza hivyo kwa sababu ya la tatu, na hili uliandalie moyo. Alikwenda "na mdogo". Desemba amefika, anamtaja mkubwa, anamtaja msichana. Mdogo yuko wapi? Umesema alizika watatu. Umesema pia kila Mei mnaweka maua kwenye vijiwe viwili. Naweza kuwa nimekosea, barua nyingine sijaziona, pengine mdogo alikuwa amelala tu mgongoni. Rudi ukatazame. Kama wa tatu alibaki kwenye makaburi ya Iowa, basi ile "hakuna aliyeniuliza kitu" ina uzito mwingine, na ile "hakulalamika" ya mama mkwe wako inawezekana ilianza kama pazia lililofunika jambo hilo, wala si sifa. Pazia likirithiwa na watu wa tatu na wa nne, wao hulijua kama ukuta.

Sasa kuhusu mama mkwe mwenyewe. Kwenye barua yako anasimama kama mlinzi wa Bibi Mkuu, kana kwamba ni damu yake. Lakini hebu hesabu. Bibi Mkuu ni wa upande wa baba mkwe wako. Mama mkwe naye ni mtu wa kuja. Aliolewa hapo akiwa binti, akaingizwa nyumba ileile ya 1907, na lazima kulikuwa na mtu aliyefuta sahani bila kumtazama akamwambia habari za mwanamke asiyelalamika. Wewe umelisikia miaka tisa. Yeye kalisikia tangu kabla mumeo hajazaliwa. Simtetei. Maneno ya Lincoln yalikuwa makali na ninge­taka angekuomba radhi. Nasema tu kwamba inawezekana mko wawili chini ya fimbo moja, na mmoja amekaa chini yake mpaka akadhani ni paa.

Kwetu tunasema aisifuye mvua imemnyea. Bibi Mkuu ilimnyea siku tatu ndani ya nyumba yake, akaisema mvua ilivyo. Wanaoisifu ni wale waliozaliwa baada ya bati.

Ngoja nikupe kisa, maana kiko huko huko kwenu. Kuanzia 1886 kulikuwa na mpiga picha anaitwa Solomon Butcher, akizunguka wilaya ya Custer, Nebraska, akipiga picha familia mbele ya nyumba zao za udongo. Ziko picha elfu kadhaa, zimehifadhiwa Lincoln, kwa bahati. Moja ni ya familia ya Hilton. Wamesimama nje, kwenye uwanja wa mifugo, wamevaa vizuri, na katikati yao kuna kinanda kikubwa cha nyumbani kimesimama juu ya majani kama kimeota. Sababu yake ni mama mwenye nyumba. Hakutaka ndugu waliobaki mashariki waione nyumba ya udongo, ila alitaka wakione kinanda. Kikabebwa nje, picha ikapigwa, kikarudishwa ndani.

Nami nakuuliza bila ubaya: picha unazotuma kundi la familia Muheza, umesimama wapi? Sidhani kama ni kwenye zamu ya saa tisa usiku. Nadhani ni pembeni ya gari, au mbele ya mahindi yakiwa mazuri. Mama yako anajua kwamba ulilia kwa kuulizwa umekula? Sikulaumu hata kidogo, sote tuna kinanda tunachokitoa nje. Ila ukiniambia Bibi Mkuu alifichwa, nataka tukubaliane kwamba kazi ya kuficha huanza na mwenyewe, kwa mapenzi kabisa, halafu wengine wanaiendeleza.

Haya, njia zako.

Ukichapa alivyokuambia, kama alivyosema, kitabu kinatoka, watu wanapiga makofi, na wewe unakuwa mwandishi rasmi wa sentensi inayokuumiza. Itakuwa na chapa sasa, na wanao wataisoma. Hiyo ni bei kubwa, ingawa nawajua wanawake walioilipa wakalala vizuri, kwa kuwa walijua wanamchapia mzee wa miaka 80 kurasa zake, si zao. Hilo pia ni kweli: kurasa ni zake. Amekuazima vidole.

Ukiweka barua kitabuni bila yeye kujua, utakuwa umesema kweli na utakuwa umemvua nguo mzee mbele ya mji mzima aliouishi miaka sitini. Na kama yule mdogo ni kaburi la Iowa, umefukua kaburi ili ushinde hoja ya chuo. Sidhani kama ungeutaka ushindi huo ukishaushika. Mji wa watu wachache hausahau, nawe bado ungekuwa unanunua maziwa pale pale. Pia barua zenyewe ni mali ya familia. Usizipige picha ukazirusha kwenye simu, hata kwa shoga yako wa Kiswahili, mpaka mumeo ajue zipo.

Kuzirudisha chini ya mablanketi ndiyo njia inayoonekana rahisi, nayo ndiyo ninayoiogopea afya yako. Umeandika "kama ninavyonyamaza kila kitu" ukaweka nukta ukaendelea, na mimi nikabaki pale.

Kuna kumpelekea mfuko. Si siku ya kuchapa, wala baada ya maneno makali. Siku ya kawaida, umeleta chai, unauweka mezani na kusema, "Mama, nilikuta hizi." Basi. Usitaje miezi minane, usitaje Lincoln. Hatari yake ipo: anaweza kukasirika kwamba ulisoma, anaweza kuzichukua usizione tena, anaweza kusema "najua" na kufuta sahani. Unaweza pia kukaa hapo ukasikia kitu ambacho hajamwambia mtu. Kama unaona mumeo anapaswa kutangulia kujua, una hoja. Ni bibi yake, si wako. Ila fikiri kama ukimtanguliza hutamfanya achague upande kabla ya mavuno, na ya Lincoln bado yako mezani kwake.

Na kuna kumwandika Bibi Mkuu kwa vitu badala ya sifa. Hili mnaweza kulifanya wawili hata kama barua hazitajwi. Unene wa kuta zile za udongo, kitambaa walichotundika darini kuzuia vumbi, magunzi ya mahindi na mavi makavu jikoni, masikio ya kijana baada ya ile Januari 12, ambayo inakadiriwa iliua watu 235. Ukame wa 1894, ambao uliwarudisha wengi mashariki na wao wakabaki. Msomaji akimaliza hapo hahitaji kuambiwa kama mtu huyu alilalamika. Mtasema nusu ya ukweli, hilo silikatai, na pengine nusu hiyo ndiyo utakayoona haitoshi.

(Ile ya "nchi tupu" nayo mngeitazama upya mkiwa hapo hapo. Wapawnee, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, walikuwa wakiishi kwenye mito ya Loup na Platte, na walihamishiwa kusini, Oklahoma ya leo, miaka ya 1874 na 1875. Bibi Mkuu alifika miaka tisa tu baadaye. Mama mkwe anaweza asipende, lakini hilo si siri ya familia, limo kwenye historia ya jimbo lake.)

Nimeacha Lincoln mwisho kwa makusudi, maana naona umeitia ndani ya ule mfuko wa mkate pamoja na barua. Kama Bibi Mkuu hakuondoka kamwe, je, wewe ungekuwa huna haki ya kusoma? Na kama aliondoka na kurudi, je, hiyo ndiyo ruhusa yako? Ona sheria ya wakati wake ilivyokuwa. Aliyejiandikisha shamba ndiye aliyetakiwa asilihame zaidi ya miezi sita, la sivyo ardhi irudi serikalini. Aliyejiandikisha alikuwa mume. Yeye angeweza kukaa Iowa miezi minane na karani wa ardhi asimkose, kwa sababu hakuwemo kwenye karatasi. Wewe umo. Una jina kwenye barua ya chuo, una mshahara, una mume aliyesema "tutazungumza". Hayo ni mazungumzo ya watu watatu walio hai, na yana maswali yake magumu: nani atawalaza watoto ukiwa na mitihani, ada inatoka wapi, mume atakula na nani Novemba hadi Machi, na miaka miwili ikiisha mnarudi wapi. Ukimleta Bibi Mkuu humo, kila mtu atapata mahali pa kujificha, na wewe ukiwemo.

Watoto wako nao nawafikiria. Umewataja mara moja tu, umri wao, halafu kama mizigo ya kuhama. Je, wao wanataka nini, na wanakuitaje? Wanajua "shikamoo"?

Niandikie ukishawatazama wale wa makaburini na ukishapitia tena barua za mwaka 1889, utafute jina la mdogo. Usiku mmoja unatosha, usizimalize tena zote ukiwa zamu. Na kabla hujampelekea mama mkwe ule mfuko, ugeuze uusome. Mifuko mingine ya mkate huchapwa tarehe, au bei. Ukiipata, utajua alipozifunga hizo barua alikuwa na umri gani, na pengine hakuwa amekupita sana.

Shangazi yako